AC Inapuliza, Halafu Inagoma? Usikimbilie Gesi!

Ijumaa jioni mmetoka Dar, mnakwenda kwenye harusi Tanga. Mpaka Chalinze raha tupu: muziki, stori, baridi safi ndani ya gari. Mkikaribia Segera, upepo unaanza kufifia. Feni mnaisikia ikivuma, lakini kwenye matundu hamna kitu. Jasho linaanza, na maneno nayo yanaanza. "Si nilikwambia ulipeleke gereji?" "Sasa mimi nifanyeje, juzi tu nimejaza gesi!" Mnashuka kula, mnanuniana. Baada ya nusu saa mnawasha gari na, ajabu, AC inapuliza kama mpya!

Usipagawe, msomaji wangu. Hapo hakuna jini wala mwenzio hakudanganyi. AC yenu imeganda barafu.

Barafu, Dar hii hii?

Ndiyo, tena joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyochangia. Nyuma ya dashibodi kuna kitu kama rejeta ndogo, mafundi wanakiita evapareta. Gesi ikipita ndani yake inafyonza joto, na feni inapuliza hewa katikati ya vibati vyake vyembamba. Unyevu wa hewa unageuka maji na kudondoka nje. Kile kidimbwi chini ya gari ndicho hicho, wala si ugonjwa.

Mambo yakienda sawa, evapareta hukaa juu kidogo ya nyuzi 0. Ikishuka chini ya hapo, maji yanaganda na barafu inaziba nafasi zote. Feni inabaki inapuliza ukuta. Gari likipumzika barafu inayeyuka na upepo unarudi. Ndiyo maana kwenye safari fupi za mjini tatizo linaweza lisionekane kabisa.

Nani mchawi?

Wa kwanza ni uchafu. Filta ya hewa ya ndani ikijaa vumbi, hewa ya kutosha haifiki kwenye evapareta, nayo inapoa kupita kiasi. Kwenye magari mengi ya Kijapani filta hii iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Ichomoe, iangalie kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi na imejaa majani, nunua mpya. Kama gari halina filta, vumbi limetua kwenye evapareta yenyewe, na hiyo inataka kusafishwa. Feni iliyochoka nayo huleta balaa hilo hilo.

Wa pili ni gesi pungufu. Hapa wengi hushangaa: gesi ikipungua, si joto ndilo lingezidi? Mwanzoni siyo lazima. Gesi ikiwa kidogo presha hushuka, na presha ikishuka evapareta inaweza kupoa chini ya nyuzi 0 na kuganda.

Wa tatu ni sensa ya baridi au rilei. Sensa ndiyo inayotoa taarifa kwamba kompresa ipumzike kabla barafu haijatengenezeka. Ikifa, au rilei ikinasa, kompresa inafanya kazi bila kupumua. Kwenye magari mengi utasikia "tak" kompresa ikishika na kuachia. Kama haiachii kabisa hata baada ya muda mrefu, mtaje huyu kwa fundi.

Angalizo: kama upepo unatoka kwa nguvu ila ni wa moto, hiyo ni kesi nyingine. Evapareta haijaziba.

Mkiwa barabarani

Zimeni AC, acheni feni kwa kasi kubwa kwa dakika 15 hadi 20. Mkiiwasha tena, feni isiwe ya chini kabisa, na madirisha yafungwe ili unyevu wa nje usizidi kuingia. Kama mvua inanyesha na kioo cha mbele kinaanza ukungu, tafuteni mahali salama msimame. AC ndiyo inayokausha kioo hicho. Na msichokoe barafu kwa bisibisi! Ukitoboa evapareta, bili yake utaikumbuka.

Mkifika gereji

Shikeni hili moja: gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja, na fundi anayeongeza tu bila kutafuta tundu anawauzia hewa. Mwezi ujao mtarudi.

Mwambie kwa upole: "Fundi, kwanza nipimie presha, halafu tutafute panapovuja." Baada ya kuziba, mfumo unyonywe hewa na unyevu kwa mashine, nusu saa au zaidi, ndipo gesi ipimwe kwa gramu. Kiasi chake kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari dogo la kawaida huchukua chini ya kilo 1. Aina ya gesi iwe ile ile iliyoandikwa, mara nyingi R134a, na magari mapya zaidi R1234yf. Usikubali mchanganyiko.

Na nyinyi wawili

Hela ya gesi kila mwezi huanza kunuka. Anayebaki nyumbani anajiuliza, "Kweli hii ni gesi, au kuna mambo?" Anayeshinda gereji anaona haaminiwi, naye ananuna. Kumbe pesa zote mbili, ya gesi na ya amani ya nyumba, zinavujia kwenye tundu moja dogo.

Kwa hiyo nendeni gereji pamoja angalau mara moja. Ombeni kuonyeshwa panapovuja, chukueni kipuri cha zamani, andikeni tarehe na gramu kwenye daftari la gari. Na anzeni na filta, maana ndiyo rahisi kuliko vyote, na mnaweza kuibadilisha wenyewe Jumamosi asubuhi kabla chai haijapoa!