Je, wajua? Milima ya Cinque Terre imeshikwa na mawe matupu

Treni ya La Spezia kwenda Levanto, kaskazini-magharibi mwa Italia, hupita gizani sehemu kubwa ya njia. Reli hii ya mwaka 1874 imetobolewa ndani ya milima: bahari unaiona mara moja, handaki linakumeza tena. Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza, Monterosso: hivi ndivyo vijiji vya Cinque Terre. Wageni hushuka, hupiga picha nyumba za rangi, hupanda treni inayofuata. Wachache huinua macho juu ya mapaa, na huko ndiko kwenye kazi kubwa kuliko zote.

Milima imechongwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inazuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Anayedhani ni ujenzi wa watu waliokosa saruji amekosea sana. Ukuta wa zege usio na matundu hufungia maji: udongo ulio nyuma yake hulowa, huwa mzito, husukuma, mwisho ukuta hupasuka. Huu wa mawe huvuja, na ndivyo ulivyokusudiwa. Mawe makubwa hukaa chini, na kila jiwe hufunika ungio la mawili yaliyo chini yake. Uso wa ukuta huegemezwa kidogo mlimani, na mgongoni hushindiliwa mawe madogo. Maji hupenya, udongo hubaki. Ardhi ikisogea kidogo, mawe nayo husogea bila kupasuka.

Lakini ukuta huu hauishi bila mtu. Mizizi ikipenya na njia za maji zikiziba, hutoa tumbo katikati, na tumbo likishatokea dawa ni kubomoa pale na kupanga upya kabla ya mvua. Mwenye kazi hiyo ni mkulima wa zabibu, na wakulima wamepungua mno. UNESCO ililitambua eneo hili mwaka 1997, na ufundi wenyewe mwaka 2018, ila cheti hakinyanyui jiwe. Oktoba 25, 2011 mvua kubwa ilishusha tope na mawe hadi mitaa ya Vernazza na Monterosso ikafukiwa, na matuta yaliyotelekezwa yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizomeguka. Pesa za utalii zingepaswa kuanzia kwa wanaopanga mawe, mengine yafuate.

Juu ya kuta hizo hupatikana zabibu za mvinyo mtamu wa Sciacchetrà, malimau, zeituni na mboga za nyumbani. Mavuno hushushwa kwa vitoroli vya injini vinavyotambaa juu ya reli moja yenye meno.