Kutangaza Kazi za Mikono Katika Makundi ya Simu: Taratibu Anazopaswa Kuzijua Fundi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo unalifaa soko ambalo mnunuzi hufika mwenyewe, akakishika kikapu, akakigeuza na kuukagua ukingo wake. Kwa msusi wa Bumbire hali ni tofauti. Kisiwa kimezungukwa na maji ya Ziwa Victoria, na mnunuzi aliyeko Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam hawezi kukiona kikapu kilichotundikwa ukutani kisiwani hadi mwenye nacho amwonyeshe. Kwa sababu hiyo fundi wa mikeka, vikapu au vinyago hujiunga na makundi ya WhatsApp na Facebook yanayowakutanisha wapenzi wa ususi, ushonaji, uchongaji na mapambo ya nyumba.

Makundi hayo yana taratibu zake, na anayezivunja huondolewa. Kwa fundi wa mjini mwenye kibanda sokoni, kuondolewa ni usumbufu. Kwa fundi wa kisiwani huenda ikawa ni kufungiwa duka lake pekee.

Kwa nini makundi huweka mipaka

Kundi la wapenzi wa ususi si soko. Wapo waliojiunga ili kujifunza kutia rangi mafunjo, kuunga ukili au kumaliza ukingo usifumuke. Wanachama 20 wakituma kila mmoja picha 3 za bidhaa kwa siku, kundi litapokea picha 60. Swali la anayejifunza litafunikwa, wajuzi wataacha kujibu, na waliosalia watazima mlio wa kundi. Hapo hata tangazo lenyewe halitakuwa na wa kuliona. Mipaka hiyo, basi, humlinda muuzaji kama inavyomlinda asiyeuza.

Taratibu zilizozoeleka

Kila kundi lina masharti yake, lakini yafuatayo hukutwa katika mengi:

1. Soma masharti kabla ya kutuma chochote. Yasipoonekana, mwulize kiongozi wa kundi faraghani.
2. Changia kwanza, uza baadaye. Anayejibu maswali ya wenzake na kuonyesha hatua za kazi yake hupokelewa vizuri siku atakapotangaza bidhaa.
3. Heshimu siku ya matangazo. Yapo makundi yanayotenga siku moja ya juma kwa ajili ya biashara.
4. Sema wazi kwamba kazi ni yako na unaiuza. Kujisifu kwa kutumia namba nyingine, au kumwomba ndugu ajifanye mteja aliyeridhika, ni udanganyifu.
5. Usichukue namba za wanachama na kuwafuata mmoja mmoja kwa matangazo.
6. Tumia picha za kazi yako mwenyewe, ukitaja vipimo, bei na gharama ya usafiri.

Sheria za nchi zinasemaje

Baadhi ya taratibu hizi si adabu ya kundi tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliomba, isipokuwa awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kueleza kusudi lake mwanzoni mwa ujumbe, na mpokeaji apewe nafasi ya kukataa kutumiwa mengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya kibiashara. Namba ya simu ya mwanachama mwenzako ni taarifa yake binafsi. Kuwa naye katika kundi moja hakukupi ruhusa ya kuitumia upendavyo.

Uongo nao una adhabu nzito. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, anayechapisha taarifa anayojua kuwa ni ya uongo kwa nia ya kuupotosha umma anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au vyote viwili. Fundi anayeonyesha picha ya kikapu cha mwingine, akapokea fedha na kutuma kitu hafifu, asidhani kwamba amefanya utani.

Kwa upande mwingine, fundi naye hulengwa na matapeli wanaojifanya wanunuzi. Usipeleke mzigo mwaloni kwa kuamini ujumbe wa malipo. Kagua kwanza salio lako. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenye namba 15040, ambayo ni ya kupokea taarifa za aina hiyo.

Duka lisilomkera mtu

Fundi anayetaka kutangaza kila siku anaweza kufanya hivyo pasipo kuvunja masharti ya yeyote. Programu ya WhatsApp Business humwezesha kupanga picha, maelezo na bei za bidhaa mahali pamoja, na sehemu ya hali huonekana kwa anayependa kuifungua. Katika kundi itamtosha kutaja mara moja, siku iliyoruhusiwa, kwamba bidhaa zake zinapatikana huko.

Anayetaka kukuza kazi yake anaweza pia kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa maelezo kuhusu mikopo hiyo na uundaji wa vikundi, wananchi wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii au Mtendaji wa Kata.

Kikapu kizuri bado hujiuza, ila kwanza kinahitaji kuonekana. Fundi anayeheshimu baraza la wenzake hukaribishwa tena kesho kukionyesha kingine.