Kijapani cha Maskani: Salamu Kwanza, Mboka Baadaye

Simama pale steji ya Gede, penye barabara ya Mombasa na Malindi inakata kuingia Watamu. Haitapita nusu saa kabla uskie msee wa nduthi akipiga stori na mzungu kwa Kiitaliano safi, na hajawai kalia dawati la Kiitaliano maisha yake yote. Aliiokota tu. Waitaliano waliingia hizi sides kitambo, miaka ya 60, wakajenga kituo chao cha kurusha setelaiti pale Ngomeni. Ya kwanza ikaenda juu 1967, na ile yenye ilipewa jina Uhuru ikaruka 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yenyewe. Mahoteli zikafuata, watalii wakafuata, na mbogi za bichi zikashika lugha kwa maskio. Hakuna odijo, hakuna mtihani.

Sasa niambie: kama Kiitaliano kiliingia hivyo, Kijapani kitatushindaje?

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. "Kijapani? Zile alama ka kuku amepita kwa matope?" Tulia, buda. Alama tutazifikia. Lugha huanzia mdomoni, na kwa mdomo mtoto wa Pwani tayari ako mbele.

Sauti tunazo

Kijapani kina vokali tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi karibu zote zinaishia na vokali: ka, ki, ku, ke, ko. Ni zile zile ulikuwa unaimbishwa nasari. Mzungu anaweza sumbuka wiki mzima na "arigatō", lakini wewe unaisoma venye imeandikwa na inatoka fiti. Kale kamstari juu ya o kanakuambia tu uvute sauti.

Cheki majina ya mtaa. Gede, Mjapani anasema Gede. Watamu ni Watamu. Malindi ndio inageuka Marindi na Kilifi inakuwa Kirifi, ju hao hawana L. Kila L inapita kwa R. Kama mathe alikuita Lilian, zoea kuitwa Ririan.

Majina ya Kigiriama nayo yanateleza bila stress: Charo, Karisa, Kahindi, Kazungu. Lakini mwenye ameomoka kuliko wote ni Katana. Kwa Kijapani, katana ni upanga, ule wa masamurai. Jitambulishe kwa Mjapani kuwa unaitwa Katana halafu ucheki sura yake. Stori itaanza yenyewe.

Maneno mengine yanafanana na yetu lakini maana imehama. "Nani", ile wanapiganga nduru kwa anime, ni "nini". "Mimi" ni sikio. "Saba" ni samaki, jamaa wa kibua. "Hai" ni ndiyo. Kuna lingine la dubu, hilo siandiki hapa ju mathe anaweza soma. Uliza mafans wa anime watakushow.

Noma iko kwa urefu wa sauti. "Obasan" ni shangazi, ama mama wa makamo. Ukivuta a, "obāsan", umemwita nyanya, na kuna wamama hawatakusamehe. "Biru" ni jengo, "bīru" ni tei. Alafu u ya mwisho kwa "desu" na "masu" humezwa, inabaki ka "des" na "mas". Shika hizo na utaeleweka.

Salamu ni ngazi

Hapa ndio mtoto wa Gede anawacha wengi nyuma. Sisi tumelelewa tukijua salamu si moja. Mzee wa Kigiriama humpiti asubuhi na "niaje". Unasema "mulamukadze" na unangoja akujibu. Mswahili mkubwa unampa shikamoo. Maskani ndio "vipi" na "shwari". Kijapani kiko hivyo hivyo: kuna fupi ya mabeshte na kuna ndefu ya heshima.

Asubuhi, beshte yako unampa "ohayō". Mkubwa, mgeni ama bosi anapata "ohayō gozaimasu". Asante ya maskani ni "arigatō", ya heshima ni "arigatō gozaimasu". Mkiachana kulala ni "oyasumi", na kwa mkubwa unaongeza "nasai". Mchana ni "konnichiwa" na jioni ni "konbanwa", hizo mbili unaeza tumia kwa wengi. Kama hujui umri wa mtu, chukua ndefu. Hakuna mtu amewai kasirika ju ameheshimiwa sana.

Kitu moja tupunguze: zile habari zetu za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mpaka chai inapoa. Vitabu vingi vinafunza "o-genki desu ka" ka ndio "habari yako", lakini Wajapani huitoa zaidi kwa mtu hawajaonana naye siku nyingi. Ukimuuliza mtu hiyo kila asubuhi atashangaa kwani alikuwa mgonjwa. Wao wanasalimia, wanainamisha kichwa, imeisha. Huko kuinama kunaitwa "ojigi". Usikimbilie kumpa gota. Inama kidogo, mikono kando, na akinyoosha mkono mwenyewe, mpe wako.

Kuaga pia kuna form yake. "Sayōnara" ni nzito, inaskika ka hamtaonana tena karibuni. Kwa mabeshte sema "jā ne" ama "mata ne". Kwa mgeni mtaonana kesho, sema "mata ashita".

Jiseti kwa sentensi nne

"Hajimemashite." Hiyo unatoa mara ya kwanza mkikutana, hairudiwi.

"Watashi wa Katana desu." Mimi ni Katana.

"Gede ni sunde imasu." Naishi Gede.

"Yoroshiku onegaishimasu." Hii ni ya kumwambia mtu tuelewane, tusaidiane, naomba wema wako. Inafunga utambulisho, usiiache nje.

Umecheki venye kitenzi kinakaa mwisho? Ndio sheria ya lugha yao. Swali nalo ni rahisi: ongeza "ka" mwisho. "Katana desu" ni kauli, "Katana desu ka" ni swali. Jina la mtu mwingine unalifunga na "san": Tanaka-san, Satō-san. Yako usiiwekee san, ni kujipigia makofi. Na neno "anata", yaani wewe, liweke kando; mwite mtu kwa jina lake.

Mafans wa anime, nyinyi mko na kesi. "Ore", "omae", "temee" zinabamba kwa skrini, lakini kwa mgeni humjui ni matusi ama ni kujifanya jambazi. Usimbongeshe mokoro wa watu ka mko vitani.

Neno la kukutoa kila mahali ni "sumimasen". Unaitumia kumuita mtu, kuomba njia, kuomba msamaha ukimkanyaga, hata kushukuru akikusaidia. Ukipotea kwa mabonga, sema "wakarimasen", sijaelewa. "Mō ichido onegaishimasu" ni rudia tena. "Yukkuri onegaishimasu" ni polepole. Ukiwa na hizo nne hutense.

Kwa wasee wa magofu, msitu na bichi

Tusidanganyane: Wajapani wanaofika Watamu ni wachache kuliko Waitaliano. Lakini Gede haiko gizani tena. Magofu yetu, yale James Kirkman alianza kuchimba 1948 na kutoa vyombo vya kaure kutoka Uchina, yaliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia Julai 2024. Mgeni wa Kijapani akitokea, ni guide mgani atamfungulia mdomo?

Chukua msamiati wa hapa hapa. "Dōzo" ni karibu, endelea. "Kochira e dōzo" ni pita huku. "Ki o tsukete kudasai" ni chunga, kwa zile mawe na mizizi. Tumbili ni "saru", na wale wa magofu unawajua, ndizi haikai mkononi. Ndizi yenyewe ni "banana", hiyo hukosei. Kipepeo ni "chō", na ukiwa guide wa mradi wa Kipepeo pale geti ya magofu hiyo ni neno ya kazi. Msitu ni "mori", ndege ni "tori", bundi ni "fukurō". Bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke huwatoa wapenda ndege mbali sana kuja kumtafuta. Ukishuka Watamu, bahari ni "umi" na kasa ni "kame".

Chapaa sasa. "Ikura desu ka" ni bei gani. Hesabu: ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyū, jū. Nne iko na jina lingine, "shi", lakini inafanana na neno la kifo, so kaa na "yon". Soo ni "hyaku", thao ni "sen", mia tano ni "gohyaku". Mia tatu inajikunja kidogo, "sanbyaku".

Na hii shikeni vizuri, wauza vinyago na masafari ya boti. Mjapani akikuambia "hai, hai" akitingisha kichwa, anaweza kuwa anamaanisha tu "nakuskia", si "nimekubali". Akisema "chotto..." na kuacha sentensi ikining'inia, amekataa. Akisema "daijōbu desu" huku akipunga mkono, amekataa pia, kwa upole. Hapo sema "arigatō gozaimasu", inama, wachana naye. Usimfuate mpaka hotelini. Mgeni hukumbuka nani alimheshimu, na jioni huambia wenzake.

Si mchezo wa leo

Kuna Wakenya walipita hii njia kitambo. Douglas Wakiihuri alienda kujinoa Japani miaka ya 80, akashinda marathoni ya dunia Roma 1987. Samuel Wanjiru alitoka Nyahururu akiwa kijana mdogo, 2002, akaingia sekondari kule Sendai, akaanza lugha kutoka sifuri. Beijing 2008 akawa Mkenya wa kwanza kubeba dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Wajapani nao wanatufuata: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na NHK, shirika lao la utangazaji, hutangaza kwa Kiswahili pia.

Hata ndai za mtaa zinabonga. Toyota nyingi za Kenya zilizeekea Japani kwanza. Ukiwasha na uskie manzi ndani akiongea, mara nyingi anakuambia tu kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Ni darasa la bure hilo, kila asubuhi.

Pa kuanzia

Bila chapaa, anza na masomo ya NHK World kwa mtandao. Yako na maelezo ya Kiswahili. Jifunze hiragana, herufi 46, moja moja mpaka zikae. Kanji za kawaida ni 2,136, hizo zisikutishe leo. Ukitaka karatasi, kuna mtihani wa JLPT, unaoanza N5 kupanda mpaka N1, na hufanywa Nairobi mwezi wa Desemba. Tangu Aprili 2019, Japani iko na visa ya wafanyakazi wenye ujuzi, kwa kazi ka kutunza wazee, kilimo na hoteli. Kwa kawaida inataka ufike N4 ama upite mtihani wa JFT-Basic, na juu yake upite mtihani wa kazi yenyewe. So ajenti akikuambia "lipa tu, lugha utajifunza ukifika", hepa. Cheki kwanza kama ako kwa orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ndio utoe hata mbao.

Lakini usianze na visa. Anza na beshte mmoja hapo maskani. Kesho asubuhi mpe "ohayō", akujibu "ohayō", keshokutwa ongezeni neno. Kiitaliano tulikipata hivyo, neno kwa neno, na hakuna mtu alitupatia ruhusa. Wasee wa Gede, yoroshiku onegaishimasu.