Alipona leukemia akiwa mutoto: leo ni mukubwa, nani anapima sukari yake?

Zamani, mutoto akishikwa na kanseri ya damu, ile banganga banaita leukemia, bazazi balijua kama mwisho yake ni kaburi. Mwaka 1962, wakati hospitali St. Jude ilifunguliwa kule Memphis, Marekani, kati ya batoto 100 benye leukemia ile inapita zote kwa kushika batoto, 4 tu njo balipona. Leo, mu inchi zenye dawa zote, karibu batoto 9 kati ya 10 banapona. Lakini kupona huku kuko na deni, na deni ile inadaiwa kisha miaka mingi.

Ilikuwa namna gani? Munganga Donald Pinkel na benzake kule Memphis balitambua kama ugonjwa inajificha mu bongo, mahali dawa nyingi hazifiki muzuri. Basi balichoma kichwa ya mutoto na mionzi, juu ya dawa za damu. Batoto balianza kupona. Lakini mionzi iligusa pia sehemu ndogo chini ya bongo, ile inaamuru njaa na homoni ya kukomea. Bengi balikuwa bakubwa na homoni kidogo: mafuta inajaa ku tumbo, nguvu ya musuli inapunguka, sukari inapanda mu damu.

Leo batoto bengi habachomwi tena kichwa. Lakini dawa kama prednisone na dexamethasone zingali zinatumiwa. Zinaleta njaa kali na kuvimbisha uso, na kwa bengine ile uzito haitoke tena. Dawa ingine, doxorubicin, inaweza kuchokesha moyo. Moyo ya namna ile ikipata tansio, ni muzigo mbili.

Kwetu mu kambi, tumbo kubwa inasifiwa: "Bwana anakula muzuri!" Kwa mutu ule alipona leukemia, tumbo ile ni ulizo. Banganga banaangalia vitu 5: tumbo kupita sentimita 102 kwa mwanaume ao 88 kwa mwanamuke, tansio kuanzia 130 juu ya 85, sukari ya asubuhi mbele ya kula, kuanzia miligramu 100 mu desilita, mafuta mubaya mingi mu damu, na mafuta muzuri kidogo. Ukiwa na vitatu, uko mu njia ya diabeti na ugonjwa ya moyo.

Baba na mama, muchunge fishi ya matunzo ya mutoto. Iandikwe majina ya dawa zote, na kama alichomwa kichwa. Jamaa ingine inaitupa kwa furaha ya kupona, ingine inaipoteza wakati ya kuhama. Mutoto akifika miaka 18, mumupatie, na mumueleze yote.

Kijana anayetafuta kazi ku mugodi anaogopa: nikisema, batanikatalia. Woga ile tunaielewa. Lakini munganga anayekutunza, umwambie. Asipojua, ataona tu kijana munene wa miaka 28, atakurudisha nyumbani na aspirini.

Kila mwaka, apime kilo, tumbo na tansio. Munganga atasema wakati ya kupima damu. Sukre na bia zipunguke, lengalenga na maharagi ziongezeke pembeni ya bukari, tumbaku iachwe, miguu itembee. Na mutoto angali ku dawa asinyimwe chakula: kwanza apone.