Je, Wajua? Hesabu Hadi Thelathini na Mbili

Je, wajua kuwa mmojawapo wa miziki ya kudansi yenye kasi kubwa kuliko yote duniani hutengenezwa Dar es Salaam? Singeli hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Haus ya Chicago huenda 120 hadi 130, na amapiano ya Afrika Kusini hujivuta kwenye 110 na ushei. Kwa hiyo kijana wa Ruanda, pale Mbinga, anayetaka kujifunza udijei wa muziki wa kielektroniki asidhani anabisha hodi kwenye nyumba ya wengine. Nyumba ni yake, na chumba chenye kelele kuliko vyote ni cha Watanzania.

Je, wajua kuwa disko linalohesabiwa kuwa chimbuko la hip hop liliandaliwa ili msichana apate nguo za kufungulia shule? Cindy Campbell aliliandaa tarehe 11 Agosti 1973 katika ukumbi wa jengo alimoishi, namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Alitumia nakala mbili za wimbo uleule ili kipande cha ngoma tupu kirudiwe bila kukatika, maana aliona wachezaji hukisubiri hicho kuliko chochote. Ukiondoa mashine, kazi ya dijei mpaka leo ni hiyo: kujua watu wanasubiri nini.

Gramafoni iliyotawala kazi hiyo, Technics SL-1200, ilitoka Japani mwaka 1972 kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani. Toleo la 1979 likaongezewa kitelezi cha kupandisha au kushusha kasi kwa asilimia 8. Madijei wakaiteka.

Je, wajua hesabu ya kulinganisha kasi? Wimbo mmoja una mapigo 122 kwa dakika na mwingine 125. Gawa 125 kwa 122, utapata 1.025 hivi. Basi wimbo wa kwanza upandishwe kwa asilimia mbili na nusu, na miguu ya wachezaji haitajua kilichotokea. Programu zitakufanyia hesabu hiyo, lakini aliyeielewa mwenyewe hababaiki programu inaposoma vibaya, nayo husoma vibaya mara nyingi kwenye singeli: huiona 240 ikaandika 120.

Na kosa hilo la programu lina siri ndani yake. Mapigo 240 ni 120 mara mbili. Kwa hiyo haus ya 120 na singeli ya 240 zinaweza kuchezwa pamoja bila kugusa kitelezi: kila pigo moja la haus, mawili ya singeli. Amapiano ya 112 nayo inapanda juu ya singeli ya 224. Ukumbi uliokuwa unajivuta unajikuta unakimbia, na hakuna aliyesikia mahali wimbo ulipobadilika. Kwa maoni yangu, hii ndiyo mbinu ambayo dijei wa Kitanzania angepaswa kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya madoido ya kuskrachi.

Je, wajua kuwa sehemu kubwa ya muziki wa kielektroniki imejengwa kwa mafungu ya mapigo 32? Ni manne mara nane. Kwenye mwendo wa 120, fungu moja huchukua sekunde 16. Kwenye 240, sekunde 8 tu. Wanaoanza wengi hukwama hapa. Wanalinganisha kasi vizuri kabisa, halafu wanaingiza wimbo wa pili katikati ya fungu, na watu uwanjani wanasita bila kujua kwa nini. Dawa yake haihitaji umeme wala fedha. Weka wimbo wa haus kwenye simu, hesabu moja hadi nne mara nane, kisha sikiliza kinachotokea unapofika mwisho: kofi linaingia, besi inatoka, sauti ya mwimbaji inaanza. Rudia hadi vidole vihesabu vyenyewe. Kazi hiyo inafanyika hata ukiwa unachuma kahawa.

Aliyekulia mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli au Lituhi, ana mwanzo mzuri kuliko anavyofikiri. Mganda, ngoma ya mwambao na ya milima ya Umatengo pia, ni mtoto wa beni, ile ngoma iliyoanzia pwani ya Waswahili na kusambazwa na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji hupanga mistari na kutembea kwa hatua za kwata. Ngoma kubwa inashika mwendo. Vibuyu vyenye utando vinavuma kuiga tarumbeta za jeshi. Upande wa Malawi vibuyu hivyo huitwa malipenga. Mstari mzima ukigeuka kwa pigo moja, hapo watu wamehesabu mafungu, hata kama hakuna aliyesema namba kwa sauti. Nao ushindani kati ya vikundi ni wa miaka mingi: kitabu cha Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz mwaka 2000, kina sura nzima kuhusu Umatengo. Mwanamuziki wa Berlin anayelipia masomo ya kuhesabu mafungu angekuonea wivu.

Je, wajua kuwa mashine za bei rahisi ndizo zilizojenga karibu kila muziki huu? Mashine ya ngoma ya Roland TR-909, ya mwaka 1983, haikupata wateja ilipotoka. Ikaishia maduka ya mitumba, vijana wa Chicago na Detroit wakainunua huko, na mdundo wake ukawa uti wa mgongo wa haus na tekno. Uswahilini Dar es Salaam mambo yalikwenda hivyohivyo. Wapiga muziki wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza, wakavipitisha kwenye spika za tarumbeta na kuvizungushia ngoma. Kundi la Jagwa Music lilifikisha sauti hiyo Ulaya kwa albamu ya Bongo Hotheads, iliyotolewa Ubelgiji mwaka 2012. Mchiriku ukachangia kuizaa singeli, kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha za Manzese, Tandale na Mbagala.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Bamba Pana akatoa Poaa. Mwaka 2019 zikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Mwaka 2022 DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Vijana hao walitumia kompyuta za kawaida na programu za kawaida. Anayesubiri kwanza apate mashine za klabu atasubiri sana.

Je, wajua kuwa ipo programu kamili ya udijei isiyouzwa hata senti? Inaitwa Mixxx. Ilianza mwaka 2001 kama kazi ya utafiti ya Tue Haste Andersen, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Copenhagen, na sasa inaendelezwa na watu wa kujitolea. Inakaa kwenye kompyuta za Windows, za Mac na za Linux, hata ile ya mtumba. Kibodi yenyewe inatosha kuanzia.

Kitufe cha kulinganisha mapigo chenyewe si dhambi. Wazee wa santuri hukisema vibaya, waache waseme. Lakini kitufe hicho hulinganisha kasi na mapigo tu. Hakijui kama wimbo unaofuata unafaa, wala kama mwenye sherehe tayari anataka kukata keki.

Je, wajua ni kwa nini wimbo uliokuja kwa WhatsApp unasikika vizuri kwenye simu lakini unakwaruza kwenye spika kubwa? Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde imetupa sehemu kubwa ya sauti ili iwe ndogo, na ukiibadilisha kuwa 320 hurudishi kilichotupwa, unanenepesha faili tu. Wimbo wa dakika 4 kwa 320 huchukua kama megabaiti 9.6. Flashi ya gigabaiti 8 inabeba nyimbo zaidi ya 800 za ubora huo, nyingi kuliko atakazozimudu anayeanza. Nyimbo 60 unazozijua mwanzo hadi mwisho zina kazi kuliko 6,000 ulizorushiwa kibandani.

Flashi hiyo uiandae kwa mfumo wa FAT32. Mashine nyingi za klabu hazisomi NTFS, na dijei mgeni aliyefika Songea na flashi isiyosomeka hana wa kumlaumu.

Besi mbili kwa wakati mmoja? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wimbo wa pili uingie besi yake ikiwa imekatwa. Fungu jipya linapoanza, ondoa besi ya kwanza na ufungue ya pili kwa mkupuo mmoja. Ukilijua hili na mafungu ya 32, umeshajua nusu ya ufundi.

Je, wajua kuwa sauti ni ya polepole? Inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika zikiwa mita 85 kutoka mezani pako, kama inavyotokea kwenye uwanja wa shule, mdundo unakufikia robo sekunde baada ya kutoka. Kwenye singeli ya 240, robo sekunde ni pigo zima. Unaweza kuchanganya kwa uaminifu wote ukifuata mdundo uliokwisha kupita. Ndiyo maana dijei huvaa hedifoni, tena hutaka spika moja ndogo karibu na sikio. Ukiwa na spika mbili tu, moja ielekeze pembeni ikupate na wewe.

Usiku, hewa iliyo juu ya maji ya ziwa ikiwa baridi kuliko ile iliyo juu zaidi, sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupotea angani. Disko la Mbamba Bay likipigwa usiku mtulivu linaweza kusikika mbali sana kandokando ya ziwa. Wavuvi wa dagaa wataujua wimbo wako mpya kabla ya watu wa mjini.

Je, wajua kuwa mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea? Kabla ya hapo TANESCO ilitegemea sana majenereta ya dizeli, ingawa makaa ya mawe yalikuwa yakichimbwa Ntunduwaro, ndani ya kata hiyohiyo ya Ruanda. Umeme mwingine ulitoka kwenye maporomoko ya Tulila katika mto Ruvuma, mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole. Naam, kuna disko Songea lililopigwa kwa umeme wa masista, na hakuna aliyetubu. Vijijini wapo wanaoendelea na jenereta, na ushauri wa mafundi ni uleule: taa ikiyumba kila besi inapopiga, punguza sauti. Kikuza sauti kinacholazimishwa kupita uwezo wake hukata mawimbi na kuunguza spika, hata kama spika ina nguvu kukizidi.

Masikio hayana vipuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100, ziwe na mahali pa kupumzisha masikio, na wanaohudhuria wapate vizibo. Mtu akitoka kwenye disko masikio yanalia, tayari ameumia kidogo. Dijei anayerudi kila wiki anaumia kila wiki.

Je, wajua kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kushika usukani huu Afrika Mashariki ni DJ Rachael wa Kampala, aliyeanza katika miaka ya 1990? Baadaye alianzisha Femme Electronic ili kuwafundisha wanawake wengine. Nairobi nako wapo Santuri, wenye chuo cha muziki wa kielektroniki. Na tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015, limewapa jukwaa madijei wa ukanda huu ambao redio za kwao hazikuwapigia hata wimbo mmoja. Wazazi wanaoona udijei si kazi ya binti wangetazama orodha ya wapigaji wa tamasha hilo.

Kuhusu vibali, sheria ni fupi. Kupiga muziki hadharani kwa biashara kunahitaji leseni ya hakimiliki chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na kwa tukio la wilayani anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Sheria hiyohiyo inalinda pia ngoma za jadi. Anayerekodi mganda ili auuze nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa apate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Basi dijei chipukizi, ukitaka kuweka vibuyu vya Liuli juu ya singeli ya 240, na uviweke, kwanza nenda kwa wazee wenye kikundi, kubalianeni malipo, omba idhini, na jina la kikundi liandikwe kwenye wimbo kabla ya jina lako.