Kitengela Ianze na Ligi ya Gofu, Uwanja Utafuata

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela na 1,117,840 katika Kaunti nzima ya Kajiado. Wengi wa hao wa Kitengela huamkia barabara ya Namanga kabla ya jua kuchomoza, wakielekea kazini Nairobi au katika viwanda vya EPZ pale Athi River, na hurejea giza likiwa limeingia. Siku zao ni Jumamosi na Jumapili. Katika mji wa ukubwa huo hawakosekani wanaopenda gofu, na wapo wengi zaidi ambao wangeipenda lau wangepata njia ya kuijaribu. Lakini yeyote anayefikiria gofu Kajiado huanza na uwanja: uwanja unataka ardhi, ardhi inataka mamilioni, basi tumngoje mwekezaji. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo imeanzia mwisho. Kinachotakiwa kwanza ni ligi ya ridhaa yenye timu, ratiba, kanuni na daftari la fedha lililo wazi. Ligi ikidumu misimu miwili au mitatu itakuwa imezaa wachezaji, na hakuna hoja nzito kuliko wachezaji mbele ya mtu anayeombwa kutenga ardhi.

Dhana kwamba gofu huanza na uwanja tumeirithi. Klabu ya Gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na kupewa hadhi ya kifalme mwaka 1935, na klabu nyingi zilizofuata zilichukua sura ileile: ardhi ya klabu, ua kuizunguka, lango, na langoni ada ya uanachama. Hata hivyo, kanuni zinazoendesha mchezo huu leo zimeacha nafasi kubwa zaidi. Tangu mwaka 2020 dunia imekuwa na mfumo mmoja wa handikapu, uliounganisha mifumo sita iliyokuwa ikitumika katika nchi mbalimbali. Handikapu ndiyo kipimo cha idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa ili aweze kushindana na aliyemzidi ujuzi. Hutolewa kupitia klabu inayotambuliwa na chama cha kitaifa cha gofu, lakini kanuni za dunia hazisemi popote kwamba klabu hiyo lazima imiliki hata ekari moja. Zinachotaka ni wanachama wanaocheza pamoja, kamati inayokagua alama, na kumbukumbu za kweli. Mchezaji mpya hupata handikapu yake ya kwanza akiwasilisha alama za mashimo 54, ambazo zaweza kutoka katika raundi sita za mashimo tisa. Kiwango cha juu ni 54 kwa wanaume na wanawake vilevile, kwa hiyo hata aliyeanza juzi ana mahali pake.

Kajiado yenyewe imeshatoa ushahidi kwamba mashindano yaliyopangwa vizuri hayahitaji majengo. Desemba 2012, huko Kimana, kusini mwa kaunti, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki ya Wamaasai. Wazo lilitokana na mazungumzo ya wazee na shirika la uhifadhi la Big Life, waliotaka morani wapate jukwaa jingine la kuonyesha ushujaa badala ya kuwinda simba. Morani hushindana kurusha rungu na mkuki, kukimbia mita 200, mita 800 na kilomita tano, na kuruka juu kwa namna ya Kimaasai, kichwa kikilenga kugusa kamba iliyotandazwa hewani. Bingwa wa zamani wa dunia wa mbio za mita 800, David Rudisha, amekuwa mlezi wa mashindano hayo. Kilichoyafanya yadumu ni mpangilio: manyatta zinazowakilishwa na timu, mchujo unaotangulia fainali, kanuni zinazojulikana na zawadi zilizotangazwa mapema. Uwanja wake ni mbuga. Watu waliojenga utaratibu huo juu ya nyasi za malisho hawawezi kuambiwa kwamba gofu lazima ingoje jengo la klabu.

Hata kwa upande wa gofu yenyewe, kaunti hii ina funzo lake. Magadi, mji uliozaliwa na kampuni ya magadi iliyoanzishwa mwaka 1911, una uwanja wa mashimo tisa juu ya ardhi iliyokauka kwa jua, bila zulia la nyasi ambalo watazamaji wa televisheni hudhani ndiyo gofu yote. Viwanja vya aina hii vilienea zamani katika maeneo ya Afrika Mashariki yenye maji haba: mahali pa kusukumia mpira shimoni palikuwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, na kila aliyemaliza alisawazisha mchanga ili anayefuata akute njia laini. Mpira huenda kasi zaidi na hudunda ovyo, lakini shimo ni shimo na mkwaju ni mkwaju. Kutoka Kitengela kwenda huko mtu hupita Isinya, akashika barabara ya Kiserian, kisha akateremka Bonde la Ufa kupitia Olorgesailie. Ni mbali kwa raundi ya kila wiki, ila inafaa sana kuwa kituo cha fainali ya ligi ya kaunti, mara moja kwa mwaka, kabla joto la mchana halijapamba moto.

Basi ligi yenyewe iendeshweje? Tuchukue timu nane, kila moja na wachezaji sita waliosajiliwa, wanne wakishuka dimbani siku ya mechi. Timu zinaweza kutoka Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, Ngong, Rongai na Kiserian, au zikaundwa na walimu, wafanyabiashara, wahudumu wa afya na wafanyakazi wa viwandani. Kila timu ikikutana na nyingine mara moja, msimu unakuwa na raundi saba. Raundi moja kwa mwezi, kuanzia Februari hadi Agosti, na Septemba ikabaki akiba kwa mechi zilizoharibiwa na mvua. Siku ya mechi kuna wachezaji 32, sawa na makundi manane ya watu wanne. Kundi likianza kila baada ya dakika kumi, la mwisho huanza dakika 70 baada ya la kwanza. Kwa mashimo tisa, asubuhi moja inatosha, na mtu akarudi nyumbani kula chakula cha mchana na familia yake. Uwanja unakodishwa kwa saa hizo pekee, mwezi huu Golf Park ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, mwezi ujao Machakos, kulingana na nafasi na bei.

Mfumo wa alama unaofaa ni ule wa Stableford, uliopewa jina la daktari Mwingereza Frank Stableford aliyeutumia katika mashindano huko Wallasey mwaka 1932. Badala ya kujumlisha mikwaju yote, mchezaji hupata pointi kwa kila shimo. Akitumia mikwaju inayotarajiwa, baada ya kupunguziwa handikapu, hupata pointi mbili. Akizidisha mmoja hupata moja. Akizidisha miwili au zaidi haambulii kitu. Akipunguza mmoja hupata tatu. Tazama shimo linalotarajiwa kuchukua mikwaju minne. Fundi asiyepunguziwa chochote analimaliza kwa mikwaju minne na kupata pointi mbili. Mwalimu aliyeanza mwaka jana, anayepunguziwa mikwaju miwili kwa kila shimo, analimaliza kwa sita na kupata pointi mbili vilevile. Wametoka sare, na hakuna aliyependelewa. Tena aliyezamisha mpira kichakani mara tatu huuokota, huandika sufuri na kuendelea, bila kuwachelewesha walio nyuma. Kanuni za gofu zilizorekebishwa mwaka 2019 zinasaidia pia: muda wa kutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu.

Ugumu wa ligi hauko kwenye mikwaju, uko kwenye uaminifu na fedha. Mchezaji anaweza kuficha makali yake, akawasilisha alama mbovu ili handikapu ipande, kisha siku ya fainali akavuna. Dawa yake inajulikana: kila kadi itiwe sahihi na mchezaji pamoja na mpinzani aliyemwekea alama, matokeo yatumwe kwa wanaligi wote siku hiyohiyo, na kamati ya handikapu ya watu watatu kutoka timu tofauti iwe na mamlaka ya kurekebisha. Mfumo wa dunia huchukua wastani wa alama nane bora kati ya ishirini za mwisho, hivyo raundi moja mbovu ya makusudi haimfikishi mtu mbali iwapo kadi zote zinawasilishwa. Kuhusu fedha, Wakenya hawana haja ya kufundishwa; chama cha akina mama mtaani huweka hesabu vizuri kuliko mashirika mengi makubwa. Ada iingie kwenye nambari moja ya M-Pesa ya ligi, asiwe mtu mmoja peke yake mwenye uwezo wa kuitoa, na mweka hazina asome hesabu mwisho wa kila raundi. Ligi isajiliwe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ili mizozo mikubwa iwe na mahali pa kisheria pa kusikilizwa.

Zawadi nazo zina mipaka yake. Kanuni za uchezaji wa ridhaa zilizoanza kutumika Januari 2022 haziruhusu mwanagofu wa ridhaa kupokea pesa taslimu katika mashindano ya handikapu, na zawadi ya aina nyingine isizidi thamani ya dola 1,000 za Marekani. Hilo halipaswi kuwasumbua watu wa Kajiado. Wanagofu wa Kenya wana desturi yao ya siku nyingi: timu mbili hupambana na waliobwagwa hugharamia mbuzi wa kuchoma. Desturi hiyo ni nzuri, ila ushindi wake husahaulika kabla ya mifupa kutupwa. Ligi huipa mechi ya mbuzi jedwali na kumbukumbu, na anayeshindwa leo anakuwa na sababu ya kufanya mazoezi hadi mwezi ujao.

Kuna watakaosema gofu ni mchezo wa matajiri, na Kajiado ina shida kubwa kuliko hiyo. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ina ukweli wake, na ndiyo sababu ligi inahitajika. Gofu ni ghali pale kila mtu anaponunua kila kitu peke yake. Kanuni huweka kikomo cha fimbo 14 kwenye mfuko, lakini haziweki kiwango cha chini. Anayeanza anaweza kucheza na fimbo sita au saba za mtumba, na timu ikamiliki seti mbili za pamoja. Mashimo tisa hupunguza gharama ya uwanja, na kukodi kwa kundi huipa ligi nguvu ya kujadiliana bei. Zaidi ya hapo, ligi ifungue mlango kwa makedi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walijifunza mchezo wakibeba mifuko ya wengine. Kanuni moja inatosha: kila timu iwe na angalau kedi au kijana mmoja asiyelipa ada, na angalau mwanamke mmoja miongoni mwa wanne wanaocheza. Ama hilo la shida kubwa zaidi, hakuna anayeomba pesa za dawa au za shule. Wanaligi wanachanga zao.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi na maji, na hili nalichukulia kwa uzito wote. Kajiado ni kavu, na ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliangamiza mifugo ya watu huku wakitazama. Nyanda za Kitengela ni njia ya wanyamapori wanaotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na ugawaji wa ranchi ya pamoja tangu mwaka 1988 umezijaza nyua. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola nne kwa ekari kila mwaka ili wasiuze wala kuzungushia ua. Kuleta hapo uwanja wa nyasi za kumwagiliwa, uliozingirwa seng'enge, kungekuwa kosa kubwa. Lakini pingamizi hilo linampinga mwekezaji anayetanguliza uwanja. Haliigusi ligi isiyotumia hata lita moja ya maji ya Kajiado. Na siku ligi itakapotaka uwanja wake, mfano uwe wa Magadi: mashimo tisa kwenye ardhi ya malisho, bila ua na bila kumwagilia, kwa makubaliano na wenye ardhi, ng'ombe wakipita siku zisizo za mechi. Gofu ya kale huko Scotland ilichezwa kwenye nyasi zilizopunguzwa na kondoo. Mifugo na mpira vimeshirikiana ardhi kabla ya kuwapo mashine za kukata nyasi.

Mwisho wapo watakaosema kwamba ligi isiyo na nyumbani hufa haraka. Hufa kweli ikiwa imeshikiliwa na mtu mmoja mwenye bidii anayehamishwa kikazi au kuchoka. Kwa hiyo katiba ya ligi iweke ukomo wa miaka miwili kwa mwenyekiti, nahodha, mweka hazina na mkuu wa kamati ya handikapu, na kila mmoja awe na msaidizi anayejifunza kazi hiyo. Ratiba ya mwaka itolewe kabla ya Krismasi, kila tarehe ikiwa na uwanja wake uliothibitishwa, kwa sababu watu hupanga harusi, matanga na safari za ushago mapema na ligi lazima iwatangulie.

Kwa wapenzi wa gofu wa Kitengela, Isinya, Ngong na Kajiado mjini, ombi ni moja: msingoje mwekezaji. Kutaneni watu ishirini, andikeni katiba ya kurasa mbili, chagueni mweka hazina mnayemwamini, zungumzeni na klabu moja inayotambuliwa iwatunzie handikapu, na mchague tarehe ya raundi ya kwanza. Serikali ya kaunti nayo, kabla ya kumgawia yeyote ardhi kwa jina la gofu, imuulize swali hili: wachezaji wako wako wapi? Kaunti yenye ligi italijibu kwa kutoa jedwali.