«Inge, kuya kidogo»: mambo mawili ya mashini ambayo kila mtu mu biro angepashwa kujua



Mimi nilisoma kilimo. Kwetu, mtu aliyesoma kilimo wanamwita Inge, hata kama kwenye diploma yake kumeandikwa licence tu. Hapa Bukavu, mu biro yetu, hilo jina limeniletea kazi ambayo haiko mahali popote katika kontra yangu, juu mtu akisikia Inge anafikiri mashini. Imprimanti ikikataa karatasi: «Inge, kuya kidogo.» Batri ikiisha: «Inge, ni dakika moja tu.» Siku ya Mungu, natoka misa, picha inaingia kwenye simu: ekra nyeusi, imepigwa upande, na chini maneno mawili: «Inafanya hivi.»

Nikiuliza, «Papa, mulibonyeza nini mbele?», jibu ni moja siku zote: «Sikugusa kintu.» Na kama uligusa mashini ya mtu mwezi wa tatu, ikaharibika mwezi wa tano, ni wewe uliyeiharibu. Jioni shefu anauliza ripoti yangu ya shamba iko wapi. Siwezi kumwambia kwamba nilishinda chini ya meza nikitafuta kamba ya imprimanti.

Lakini leo sikuja kulalamika tu. Nataka kueleza mambo mawili, na la kwanza nililijua kwa kosa langu mwenyewe.

La kwanza ni kle ya USB. Monitere mmoja aliniletea yake. Ndani mulikuwa uzito wa mavuno ya maharagi ya msimu mzima, shamba kwa shamba, alipima mwenyewe kwa mizani kwa wakulima. Tulipoifungua, kila dosiye ilikuwa na mshale mdogo, na ukibonyeza haifunguki. Watu watatu walisimama nyuma yangu wakiangalia. Sikujua ile ni kitu gani, na niliona haya kusema. Nikasema: «Ni virisi, imekula yote, tuiformate.» Nikabonyeza. Halafu nikaweka mafishie mengine juu yake.

Usiku ndipo nilisoma na kuelewa. Ile virisi haikula kitu. Kazi yake ni kuficha dosiye zako za kweli, kisha kuweka mahali pake mshale wenye jina lile lile. Ukibonyeza mshale, unaiamsha virisi, nayo inaruka kwenye mashini. Kle nyingine ikiingia mu ile mashini, nayo inapata. Kama antivirisi imekwisha kuua virisi yenyewe, mshale unabaki bila kufungua kitu, na mtu anafikiri kazi yake imepotea. Lakini iko pale pale, imefichwa tu.

Ile kazi ya monitere ilikuwa pale mpaka mimi nilipoifuta. Na maharagi yalikuwa yamekwisha kuuzwa na kuliwa. Mavuno yaliyoingia mu nyungu hauyapimi mara ya pili. Hilo mimi mwanakilimo nililijua kuliko mtu yeyote mu ile biro. Hakunigombeza. Alisema tu: «Inge, si ungesema haujue?» Mu ripoti ya ule mwaka, kuna safu moja tupu, na jina langu liko chini yake.

Sisi wa kilimo tunajua mnyauko wa migomba, ulioonekana huku Kongo mara ya kwanza mwaka 2001, kule Masisi. Wadudu wanaueneza, na panga pia: unakata mgomba mgonjwa, halafu unakata muzima bila kusafisha panga kwa moto ao kwa javel. Kle inayotoka kwa mtu wa fotokopi ni ile panga. Basi ukiona mishale, fanya hivi. Usiibonyeze, na usiformate. Safisha kwanza mashini na kle kwa antivirisi iliyo ya karibuni. Kisha, kwenye chaguo za dosiye za Windows, weka alama kwenye «Afficher les fichiers, dossiers et lecteurs cachés», na utoe ile inayoficha mafishie ya sistemu. Dosiye zako zitatokea, rangi imefifia. Zikopi mahali pengine. Kuformate ni mwisho kabisa.

La pili ni Excel. Mama wa kaisi alinilia siku moja: tablo imejaa namba, lakini jumla ni sifuri. Mashini zetu nyingi ziko mu Kifaransa, na Kifaransa kinataka virgule: 12,5. Namba zinazotoka kwenye tableti ao kwenye programu ya Kiingereza zinakuja na nukta: 12.5. Kwa mashini yetu ile si namba, ni neno, na SOMME inayapita maneno kama hayako. Hatari kubwa ni pale nusu ziko na virgule na nusu ziko na nukta: jumla inatoka, ni ya uongo, na hakuna anayeona. Alama ni rahisi: kama hamukupanga tablo vingine, namba inalala kuume, neno linalala kushoto. Ukiona iko kushoto, chagua ile safu, fungua «Remplacer», badilisha nukta kwa virgule.

Tangu ile siku ya kle nilijiwekea sheria mbili. Sibonyezi tena mahali pa mtu: yeye anakaa kwenye kiti, mimi ninasimama, mkono ni wake. Inachukua wakati mingi, na siku ingine roho inaniuma, lakini mtu aliyebonyeza mwenyewe harudi juma lijalo na swali lile lile. Ya pili: kama sijui, ninasema sijui, hata kama watu watatu wanaangalia.

Juzi nilimukuta yule monitere ameinama kwa mama wa kaisi, anamwonyesha namba zinazolala kushoto. Kazi yake siku hizi anaiweka mahali tatu: kwenye mashini, kwenye kle, na mu kaye. Mimi sikumufundisha ile kaye.